Sajini Aliyeibishia Droni

Habari za kifo chake zilinikuta sokoni Kasulu nikichagua maharage: sajini mstaafu wa kijiji cha Heru Juu hatunaye tena. Niliwahi kuandika katika safu hii kwamba droni zimemaliza kazi ya askari wa miguu. Yeye ndiye aliyenifuata hadi mkahawani, akalitupa gazeti mezani na kuniuliza, “Mwandishi, wewe umewahi kulinda mpaka, au unausikia redioni tu?” Nilikasirika. Hakujali, akaagiza kahawa na kunisimulia.

Mwaka wake wa mwisho kazini, kikosi chao kilipata droni na vijana waliofunzwa kuirusha. Mtambo mzuri, alikiri. Asubuhi moja, ukungu ulipoanza kuinuka, kioo cha droni kikaonyesha watu kumi na kitu wakishuka bonde la mpakani kwa haraka, wamebeba kitu kirefu mabegani. Luteni, kijana msomi, akasema ni silaha nzito, akawapanga askari njiani tayari kufyatua. Sajini hakubandua macho kwenye kioo. Aliona wale watu wakipokezana bega bila kusimama, na wengine wakitembea kando mikono mitupu, wakingoja zamu. “Afande, hiyo ni ingobyi, machela,” akasema. “Wanabeba mgonjwa. Sisi Waha ndivyo tubebavyo.” Luteni akamjibu kwamba kioo hakidanganyi. “Hakidanganyi, afande, ila hakikukulia huku. Niache niende. Nikikosea, mtanizika.” Akaweka bunduki chini, akashuka peke yake, akawasalimia kwa Kiha kutoka mbali. Kwenye machela alilala mama aliyeshindwa kujifungua tangu jana yake. Askari walewale wakaipokea miti ya machela wakambeba hadi kwenye gari la kikosi. Tangu siku hiyo luteni, na nampa heshima yake, alimketisha sajini kando ya warusha droni, awafundishe namna watu wa huku wanavyotembea, wanavyolima na wanavyozika.

Naandika kwa uchungu, na sitamwomba mtu radhi. Majeshi yanajipanga upya kila mahali, kwa sababu vita vya leo havina sare, na adui hupita njia ileile anayopita mgonjwa. Mitambo inunuliwe, hata mimi nitapiga makofi. Lakini atakayeniambia kwamba watu kama sajini ni mzigo wa zamani, nitabishana naye mpaka sauti inikauke. Jeshi lisilowajua watu linaowalinda, ukiliongezea macho, litawaua kwa shabaha nzuri zaidi.