Mkunga Aliyekataa Kutoka Jela

Siku yangu ya kwanza kama askari jela, upande wa wanawake, kule Kisii, sajini alinikabidhi kishada cha funguo akasema, "Binti, kazi yako ni moja tu: mtu asitoroke." Kuhusu wanaokataa kutoka hakuniambia lolote.

Miaka ya sitini ilikuwa inakwisha. Wafungwa wetu wengi walikuwa akina mama waliopika chang'aa, pombe haramu, ili walishe watoto. Mnyapara, yaani mfungwa anayewasimamia wenzake, alikuwa Nyanya Kemunto, mkunga wa kijijini. Seli moja naye alikaa Moraa, msichana mjamzito kutoka Ikonge, kosa lake chang'aa vilevile.

Asubuhi ya kuachiliwa, Kemunto alivua sare, akavaa rinda lake, kisha akaketi sakafuni.

"Siendi."

Mkuu wa gereza akaja mwenyewe. "Nyanya, kifungo kimekwisha. Serikali haiwezi kukulisha bila kosa."

"Mwanangu, Moraa atazaa wakati wowote, na gari lenu limelala juu ya mawe. Kati yenu nani anajua kukata kitovu?"



"Sheria hairuhusu," mkuu akasema.

"Kumbe unataka kosa?" Kemunto akainuka, akampokonya kofia, akaivaa. "Askari, simameni wima!"

Nami, naapa, nikasimama. Sajini pia.

Moraa alicheka mpaka uchungu ukamshika. Mabishano yakaishia hapo. Kemunto alimtuma mkuu maji ya moto, naye akaenda mbio, kichwa wazi. Kabla ya chakula cha mchana mtoto wa kiume akazaliwa, tukamwita Afande. Kemunto akarudisha kofia, akaenda zake.

Afande akakulia mle ndani. Asubuhi tukihesabu wafungwa, naye alichuchumaa mstarini, tukacheka mpaka machozi.

Moraa alipomaliza kifungo, niliwasindikiza hadi Ikonge. Majirani walipiga vigelegele. Moraa akaingia nyumbani. Mtoto akabaki nje, mbele ya mlango uliokuwa wazi kabisa, akinitazama, akisubiri nimfungulie.

"Ingia, baba," nikamwambia. "Hapa ni kwenu." Hakusogea mpaka nilipoingia mimi kwanza.

Nimestaafu siku nyingi. Vijana huniuliza tulifunga wahalifu wa aina gani. Huwajibu: wa kila aina, na mmoja alikuwa hajaota jino.