Mchanga wa Unyayo wa Ami Seif

Nilikuwa mtoto wa miaka kumi nilipoamua kumlemaza ami yangu. Hilo naliweka mbele kabisa, ili anayetaka kuniombea dua aanzie hapa hapa. Nyinyi mliosoma mpaka mkavaa miwani, mkiandika habari za utoto wenu mnajitia malaika. Mie skuli niliiacha njiani, sikufika kwenye somo la kuongopa kwa adabu.

Tulikaa Ibra, mji wa Omani, miaka ya tisini. Wakubwa walisema "tumerudi" kutoka Unguja, ingawa mie sikuwa nimepata kuiona Omani hata kwenye kalenda. Kiarabu changu kilikuwa cha sala tu, na kwa maneno ya sala huwezi kumwomba mtu penseli. Skulini wakaniweka na watoto wa miaka sita. Magoti hayaingii chini ya dawati, na kila nikifungua mdomo darasa zima linacheka. Siku niliyorudi na damu puani, Mama aliniosha uso, akamtazama dada yangu Raya, ambaye naye alishaanza kuumwa tumbo kila asubuhi, akasema khalas, tutasoma hapa hapa. Mama alisomesha miaka minane Unguja kabla ya kuletwa huku kupika.

Basi skuli yetu ikawa chumba cha nyuma, pembeni ya jiko. Ubao ulikuwa mlango wa friji bovu alioupaka rangi nyeusi. Jumamosi kusoma, Jumapili hesabu, na kadhalika mpaka Alkhamisi, siku ya mapumziko ya nchi nzima, na kwetu ndiyo siku ya kutoka. Tulikwenda kwenye falaji, mfereji wa kunyweshea mashamba, kuona zamu za maji zinavyopimwa kwa kivuli cha kijiti, tukirudi tunaambiwa tuandike kivuli kilisogea vipi. Tulikwenda Nizwa kuhesabu ngazi za ngome. Tulikwenda soko la mbuzi, Mama akaniambia nikadirie uzito wa beberu kwa macho, nikapatia, na mwenye mbuzi akaniuliza baba yangu ni dalali? Sijisifu. Nasema yaliyotokea.

Ila gari lilikuwa la Ami Seif, kaka wa baba. Baba alifanya kazi jangwani kwenye mafuta, hurudi baada ya wiki na wiki, na kaka yake ndiye aliyekuwa mkubwa wetu akiwa hayupo. Akiwapo pia, maana Baba hakupata hata siku moja kumpinga. Ami Seif alitupeleka kila Alkhamisi, na kila Alkhamisi alitulipisha kwa ulimi. Alimwita Mama "mwalimu" kwa sauti ile unayomwita mtoto "sultani". "Haya mwalimu, leo tunakwenda kusoma nini? Mawe?" Mama anacheka kidogo, anafunga mlango wa gari taratibu. Ule utaratibu wake ulikuwa ukinichoma mie kuliko maneno.

Kiarabu Mama alitufundishia kitabu cha Bibi, mama yake, alichokuja nacho kutoka Unguja kimefungwa ndani ya kanga. Kilikuwa kitabu cha majina ya watu wa Badri, yale ya kusomea halbadiri. Mama alisema majina ni mafupi, yana irabu zote juu na chini, na mtoto akikosea jina hajaharibu aya. Bibi hakupenda. Alisema mtoto hafundishwi herufi kwa kitu cha kuapizia watu. Mama akamwambia ni majina tu. Bibi akaona hapati kitu kwa mwanawe, akanigeukia mie.

"Wewe mwenye kiherehere, sikiliza. Usiyasome haya na hasira kifuani. Hayana macho. Hupiga pale ulipoyaelekeza, hayakuulizi ulimkusudia nani."

Nikamwambia nimesikia, Bibi. Na kwa miezi sita nikawa bingwa. Raya alikuwa akisinzia kwenye jina la arubaini. Mie nilikwenda mpaka mwisho, mia tatu na zaidi, kidole chini ya mstari, bila kuvuta pumzi mara mbili.

Sasa njoo Jumanne moja. Ami Seif ana wageni barazani kwake, wanaume sita na kahawa. Mama amenituma nipeleke tende, naye mwenyewe yuko mlangoni na sinia la pili. Ami akanishika mkono, akawaambia wageni huyu ndiye mwanafunzi wa jikoni, hebu atusomee. Akanipa gazeti.

Gazeti la Kiarabu halina irabu hata moja. Anayejua anajua, asiyejua nitamwambia: neno linakuja mifupa mitupu, nyama uitie mwenyewe kichwani. Mie nilifundishwa kwa nyama yake. Nikaliangalia lile gazeti kama ng'ombe anavyoangalia kioo. Nikajaribu neno la kwanza, nikalisoma vibaya, mzee mmoja akaguna. Nikajaribu la pili, wakacheka wote. Ami hakucheka. Alilichukua gazeti kwa upole, akalikunja, akasema kwa sauti ya kufika mlangoni:

"Shemeji, mimi sikulaumu. Umejitahidi. Lakini mtoto ana miaka kumi na hajui kusoma. Ndugu yangu akirudi nitamwambia mchezo huu ufungwe."

Mama aligeuka na sinia lake, tende zote juu yake, akarudi nalo nyumbani. Usiku ule hakula. Raya alimsikia akifuta ubao mara tatu wakati hapakuwa na maandishi.

Baba alikuwa arudi baada ya siku kumi na moja. Nilihesabu, maana hesabu najua. Akifika tu, Ami atasema, Baba ataitikia, na skuli ya mama yangu imekufa. Nikaona njia ni moja: Ami asifike kwa Baba. Nilikuwa nimewasikia wageni wa Bibi wakizungumza kwamba ukitaka kumfunga mtu miguu, chukua mchanga wa unyayo wake, usomee halbadiri siku saba. Mchanga nilikuwa bado sina. Majina nilikuwa nayo yote.

Alkhamisi ile tulikwenda Ras al Hadd. Ami alitaka samaki wa Sur, Mama alitaka kutuonyesha kasa wanavyoacha njia mchangani wakipanda kutaga. Tulitoka baada ya sala ya alfajiri, tukafika jua limeshasimama. Tukatandika mkeka nyuma ya majabali, na kama nyumbani, viatu vikabaki ukingoni mwa mkeka. Vya Ami vilikuwa vya ngozi, kaletewa kutoka India, na soli yake ilikuwa na nyota tatu. Alizipenda zile nyota kuliko wanawe.

Mama akatuita twende tukaone njia za kasa. Nikajishika tumbo, nikasema siwezi. Nilikwenda nyuma ya gari kutoa kopo langu la penseli, nikamwaga penseli ndani ya mkoba. Niliporudi, Ami hayupo mkekani, viatu vyake havipo, na kutoka ukingoni mwa mkeka mpaka kule pwani zimepangika nyota, tatu tatu, safi kama muhuri. Wallahi nilicheka peke yangu. Nikafuata nyayo, nikachota katika saba, kulia na kushoto, nikafunga kifuniko. Ami alikuwa akinipeleka kwenye ushindi wangu kwa miguu yake mwenyewe.

Njiani kurudi alinitania kwamba nimekimbia somo la kasa kwa vile kasa naye angenishinda kusoma. Nikatabasamu. Kopo lilikuwa mapajani.

Nikaanza siku ile ile, alasiri, juu ya dari ambako Bibi alikuwa akianika ndimu. Kopo mbele, kitabu mbele, hasira kifuani, yaani kila kilichokatazwa. Sikukosea jina. Kila jina nililitia nyama ya Ami Seif: hili goti, hili kisigino. Kila siku nikimaliza nilikwenda kusimama mbele ya nyumba yake nimwone anavyotembea. Alikuwa akitembea vizuri tu. Siku ya tatu alikuwa hata akikimbiza paka.

Siku ya tano nilishuka kutoka darini nikamkuta Mama kakaa mbele ya ubao, mguu juu ya kiti, Raya anamfungua kitambaa. Vidole viwili vilikuwa vimevimba na kubadilika rangi, na palikuwa na harufu. Mama alikuwa na sukari tangu kumzaa Raya. Nikamuuliza umefanya nini.

"Si ndicho kile kidonda cha Ras al Hadd," akasema. "Ndala zangu zilikuwa chini ya kikapu, nikavaa viatu vya ami yako vilivyokuwa karibu. Vikubwa, vimenichubua."

Na Ami? Ami alikuwa kaingia garini pekupeku, amelala kwenye kiti cha nyuma, kofia usoni, wakati ule wote, na mie nimepita ubavuni pake na kopo.

Sisi ndivyo tulivyo. Ukingoni mwa mkeka kiatu ni cha mguu uliotangulia kuamka. Anayekwenda chooni anavaa cha mgeni, mgeni anavaa cha bibi. Tangu nazaliwa nayaona hayo. Mtoto wa nyumba nyingine yoyote angefuata nyayo zile na kuziamini, lakini mie wa nyumba ile nilitakiwa kujua.

Nilimpelekea Bibi lile kopo. Alilitazama, akanitazama, akaelewa yote kama mtu anayesoma barua fupi. Sikupigwa. Alikwenda kuumwaga mchanga kwenye falaji, maji yanakokwenda mbio, akakaa hapo akisoma mpaka magharibi. Kisha akaniambia nisimwambie mtu, na yeye hakumwambia mtu mpaka anaingia kaburini.

Mama alikatwa vidole viwili. Baba aliporudi alimkuta hospitali, na Ami Seif, mzima wa afya, akamngojea nje ya wodi akamwambia aliyotaka kumwambia. Jumamosi iliyofuata Ami alitupeleka skuli mwenyewe kwa gari lake, akatushusha getini. Aliyemsafishia njia ni mie. Nilidumu miaka miwili nikatoka, nikenda kwenye gereji za Firq kushika spana, na leo ukileta giaboksi iliyowashinda mafundi wa Nizwa nzima, mie nitaisikiliza kwa sikio nikwambie inaumwa wapi.

Daktari alisema sukari. Naamini. Bibi alisema majina. Naamini pia. Mie ni fundi, na gari lililokufa kwa sababu moja tu bado sijaletewa. Ami Seif amezeeka na gari lake huleta kwangu, maana wote huishia kwangu. Namwamkia shikamoo, namwekea kiti, na gari lake naligusa la mwisho, jua likishamzunguka pande zote. Huko kusamehe mnakokusimulia nyinyi, mie sijafika.

Mama nilimwambia mwaka jana. Ilikuwa Ijumaa baada ya chakula, nimepiga magoti namkata kucha, maana mwenyewe haoni vizuri tena. Nilipofika mguu ule, wenye vidole vitatu, maneno yakatoka yenyewe: kopo, nyota, dari, siku tano. Sikunyanyua uso.

"Majina yote?" akauliza.

"Yote, Mama."

"Kila siku?"

"Siku tano. Nilipoona mguu wako niliacha."

"Kwa moyo, au kitabuni?"

"Kitabuni. Kwa kidole, kama ulivyotuonyesha."

"Hukuruka?"

"Hata moja."

Akavuta pumzi ndefu. Nilijua kinachokuja ni laana, na nilikuwa nimejitayarisha kuipokea.

"Basi ulikuwa unajua kusoma," akasema. Akanipa mguu wa pili.

Nimelifikiria jambo hili nikiwa chini ya magari, na huko chini ndiko ninakofikiria vizuri. Miaka yote nimekuwa nikijuta kwamba nilikosea mguu. Ningepata mguu wa kweli, nilikuwa nikijiambia, mambo yangekuwa mengine. Kumbe kosa langu lilianza kabla ya Ras al Hadd. Baraza ya Ami ilikuwa hatua ishirini kutoka kwetu, na wageni wake walikuja kila Jumanne. Ningeingia na kitabu cha Bibi mkononi, nikakaa katikati yao, nikawasomea jina la kwanza mpaka la mwisho, na Mama kasimama mlangoni anasikia. Kwa kisasi kile nisingehitaji mchanga wa mtu. Badala yake kile kitabu nilipanda nacho darini, nikakisoma kwa kunong'ona.