Boriti ya Pembeni

Tangu asubuhi Elia amelivusha lori lake la marobota ya pamba darajani mara nane, polepole kama gari la bibi harusi, maana injinia amemwambia apite kama anavyopita siku zote. Kila akishuka humkuta injinia mwenyewe, mama mmoja, chini, kwenye mchanga wa mto uliokauka, akifuta boriti ya chuma kwa ncha ya kitenge kabla ya kuigusa. Boriti ziko tano, na kila moja ameifungia kipimo chenye mshale wa kuonyesha inavyobeba mzigo. Lakini kwanza huweka kiganja, hufumba macho, ndipo asome mshale na kuandika, ulimi ukicheza mdomoni kama mtu anayeonja mchuzi.

“Si zinagawana sawasawa, mama?” Elia aliuliza. “Boriti tano, mzigo mmoja.” Injinia hakugeuka. “Wewe baba, umewahi kulima na ng’ombe wanne wakavuta sawa?” Sauti yake haipandi hata lori lingurume vipi. “Shimo la katikati tuliliziba juzi, na nyie madereva bado mnabana ukingo. Hii ya pembeni inavuta karibu peke yake.” Elia aliutazama ukingo wa daraja. Miaka sita amebana ukingo ule, akidhani analionea daraja huruma. “Sasa pita katikati,” injinia akasema. “Zitahimili?” Injinia alikwenda akasimama chini ya boriti ya katikati, akaweka kiganja, akafumba macho. Elia akapanda lori, akatia gia.