Sauti ya Oreste kwenye Santuri

Bi Ersilia Bottani wa Milano alikuwa mshonaji wa mavazi ya jukwaani, na mdomo alikuwa nao, msimchezee. Mumewe, Oreste, mwimbaji wa opera, alifariki binti yao Nives angali ananyonya. Tangu hapo mjane hakuchoka kutamba: "Oreste wangu aliimba kama mtunzi alivyoandika. Hakushusha hata chembe!"

Maana wako waimbaji, ile noti ya juu ikiwashinda, humnong'oneza kiongozi wa okestra ateremshe wimbo mzima kidogo. Wenzao wakijua, ni kichekesho cha mji.

Sauti ya Oreste ilibaki kwenye santuri moja tu, na Ersilia hakuwa nayo. Jumapili moja jirani yake Gaudenzio, aliyewahi kuimba na marehemu, akaiokota sokoni, akaja nayo pamoja na gramafoni yake. Ersilia hata wali wa zafarani ulimshinda kula. Alitaka jambo moja tu maishani: Nives amsikie baba yake.

Sindano ikashuka. Loo! Kikatoka kijisauti mbiombio, kama mbuzi anayefukuzwa.

"Mama, huyu ndiye baba?"

"Siye! Gaudenzio, umeniletea nini wewe?"

"Tulia, shemeji. Zamani zile kila fundi wa kurekodi alizungusha santuri kwa mwendo wake. Ukiizungusha mbio, sauti inapanda. Polepole, inashuka."

Nives akainama kuitazama skrubu ya mwendo. "Sasa mwendo wake tutaujuaje?"

"Wimbo wenyewe utatuambia. Mtunzi kaandika uanzie hapa." Akapuliza kifilimbi cha kupimia sauti, akakaza na kulegeza skrubu mpaka wimbo na filimbi vikakubaliana. "Si mama yako anasema hakushusha? Basi ndiyo hiyo."

Mbuzi akatoweka. Akaimba mtu sasa, kijana, sauti nyembamba, tamu. Nives machozi yakamlengalenga. "Kumbe baba alikuwa na sauti nyororo hivi!"

Ersilia akaitegea sikio. Angeweza kunyamaza tu, sifa ya Oreste ikabaki pale pale juu. Lakini yule hakuwa mtu aliyekuwa akimwimbia nyumbani, yeye Ersilia akipiga pasi.

"Shusha," akasema.

"Nishushe wapi tena? Hapa ndipo palipoandikwa."

"Shusha kidogo."

"Shemeji, nikishusha ina maana kwamba Oreste naye aliteremsha..."

"Maana yake naijua! We shusha!"

Gaudenzio akalegeza skrubu. Sauti ikanenepa, ikawa nzito, ya mtu mzima, na mkwaruzo kidogo kooni. Ersilia akashika ukingo wa meza kwa mikono miwili. Uchungu ulimpanda, na furaha pia.

"Huyo," akasema. "Huyo ndiye baba yako, mwanangu. Mwongo mkubwa yule, na mimi mwongo mwenzake."

Gaudenzio, aliyechoshwa na kule kutamba, alikuwa na kejeli yake tayari, ameiweka miaka yote hiyo akingoja siku hii. Hakuitoa. Alizungusha mpini wa gramafoni, akairudisha sindano mwanzo kabla hajaombwa.