Nani Aliingia Chini ya Gari la Tsuneo?

Tsuneo Minegishi alifungua nati ya oili, akatega beseni, akasubiri uchafu mweusi. Ikatoka oili safi, ya rangi ya asali. Akabaki amelala palepale, mdomo wazi. Kuna mtu alikuwa ameingia chini ya gari lake!

Jamani, mwanamume mwingine angeshukuru. Si Tsuneo. Mtaani kwao Maebashi kila mtu hupeleka gari kwenye gereji ya kampuni iliyomuuzia, akanyweshwa kahawa, na akiondoka mafundi humwinamia barabarani mpaka akate kona. Tsuneo aliwaita watu hao mabwege. Tangu amwoe Hatsue, hakuna mkono ulioshika injini yake ila wake mwenyewe. Jumapili ilikuwa siku yake pekee nje ya kiwanda, na Jumapili ilikuwa ya gari: asubuhi plagi, mchana matairi, jioni kulipaka nta.

Akakagua mlango wa dereva. Gereji hizo hubandika pale kibandiko cha tarehe ya kubadilisha oili. Hakikuwapo, lakini gundi ilikuwa bado inanata. Mtu amekibandua. Siku za kazi Hatsue ndiye aliyekuwa akiliendesha. Hapo wivu ukamshika, maana kubadilisha oili si kosa, lakini kuficha je?

Akamwaga ile oili mpya yote, akatia yake kwa hasira. Mezani akajitia hamnazo.

"Mama, gari linakwendaje siku hizi?"

"Vizuri tu, baba. Si mkono wako huo?" Hatsue akamsogezea supu bila kumtazama.

"Jumapili ijayo nafungua breki," akasema, akimchungulia usoni. Mkewe akaitikia "haya" na kuendelea kula.

Jumatano Hatsue alipaka rangi ya mdomo, eti anakwenda kununua figili. Figili, na rangi ya mdomo! Tsuneo akapiga simu kazini, akasema tumbo linamuuma. Akapanda baiskeli mpaka gereji ya kampuni. Gari lake hilo hapo, limeinuliwa juu, tumbo wazi, kila mpita njia anatazama. Ndani, Hatsue ameshika kikombe cha kahawa, anacheka mpaka machozi. Mbele yake fundi mkuu, Shibukawa, kofia mkononi.

"Hachan, hujabadilika hata kidogo," fundi alikuwa akisema.

Hachan! Jina la utotoni hilo. Tsuneo hakuwahi kulitamka. Tangu mtoto wao azaliwe alimwita mkewe "mama", na kabla ya hapo "wewe".

"Kahawa tamu, eh?" akaingia kwa kishindo. "Na huyu ni nani wa kukuita hivyo?"

"Baba! Hukwenda kazini?"

"Samahani sana, bwana," Shibukawa akainama. "Tulisoma darasa moja. Mkeo ameleta breki tu."

"Breki zangu! Si nilisema nazifanya Jumapili?"

"Ndiyo maana nimezileta leo," akasema Hatsue.

"Unamtafuta huyu!"

Wateja wakageuka. Shibukawa akakumbuka ghafla kuwa ana kazi, akatokomea nyuma. Hatsue akaweka kikombe chini.

"Nilimwambia afanye kila kitu, ili Jumapili usikute kazi. Kibandiko nilibandua mimi, nilijua ukikiona utanuna. Jumapili iliyopita nikasema moyoni, leo atakuta gari halina neno, atatoka huko chini, tutakwenda hata kula tambi mahali. Nikavaa kabisa, nikakungoja dirishani. Wewe ukamwaga oili mpya ukatia nyingine!"



"Miaka yote hii, kila Jumapili naona soli za viatu vyako tu. Wewe unamwonea wivu Shibukawa, mtu ana wajukuu. Mimi naonea wivu gari, na gari siwezi hata kulisuta."

Breki zilipokwisha, baiskeli waliiacha hapo gereji. Hatsue akaendesha, mumewe kando yake, mikono mapajani kama mgeni. Walipofika kwenye mataa, kitu kikalia kwa mbali upande wa gurudumu la mbele: tik, tik, tik.

"Hachan," akasema Tsuneo polepole, jina likimkwama, "unasikia?"

"Nimesikia. Nyamaza."

Akanyamaza.