Gogo la Mwaloni na Sufuria ya Muthokoi

Nilipofika nyumbani likizo ya Agosti, nilisimama uani na mkoba wangu begani nikauliza ni nani ameiba kuni za mama.

Sikuuliza bure. Wakati wa mvua za Aprili, mwaloni mkubwa uliosimama kwenye mpaka wetu na kanisa uling'oka, ukaanguka ndani ya shamba letu, ukavunja zizi la mbuzi na kulaza migomba. Mti huo ulipandwa na wamishonari wa zamani ambao, nadhani, walitaka milima yetu ya Mbooni ifanane na kwao. Kwa Kikamba haukuwa na jina. Tuliuita mwaloni kwa sababu mzee mmoja wa kanisa alisema ndio ule ule wa Ibrahimu kwenye Biblia, na watu wakaridhika. Shina lake lilikuwa nene kiasi kwamba watu wawili waliosimama pande zake mbili walilazimika kuitana kama walio ng'ambo ya mto. Wazee wa kanisa walikaa, wakaomba, wakaamua kwamba kilichoangukia shamba la mama ni cha mama.

Mimi wakati huo nilikuwa nafundisha Ikutha, chini kule kwenye joto. Mama alinitumia ujumbe kupitia mfanyabiashara wa mbuzi: "Mwambie mwalimu Mungu ameniletea kuni mpaka mlangoni." Niliufurahia ujumbe huo mpaka nikashindwa kusahihisha madaftari. Baba alikuwa ameshafariki, ndugu zangu wa kiume walikuwa Nairobi wakitutumia salamu, na mama alikuwa amebeba kuni kutoka ng'ambo ya mlima tangu nimjue. Daktari alikuwa amemwambia waziwazi: ukiendelea kubeba mizigo, huo mgongo utakulaza kitandani, na hutaamka. Mama alimjibu kwamba chakula hakiivi kwa maneno ya daktari. Sasa gogo lilikuwa limekuja lenyewe. Mwaka mzima, pengine miwili, asingebeba kuni.

Ndiyo maana nilisimama uani kwa hasira. Nusu ya gogo haikuwepo. Na pale kwenye ukuta wa jikoni, nilipotarajia kuona kuni zimepangwa hadi paani, alikuwa amelala kuku mmoja.

"Hakuna mtu ameiba," mama alisema. "Zilipika."

"Zilipika nini?"

"Chakula ya mwethya."

"Na mwethya ilikuja kufanya nini?"

"Kupasua kuni."

Alinijibu bila kucheka, huku akinipokea mkoba. Nilimtazama nione kama ananitania. Hakuwa ananitania.

Kwa asiyejua, mwethya ni kundi la majirani, wengi wao wanawake, wanaosaidiana kazi kwa zamu. Leo wanachimba matuta kwako, kesho wanapalilia kwangu. Hakuna malipo. Ila kuna sheria moja ambayo haikuandikwa popote na haijawahi kuvunjwa: mwenye nyumba anapika. Na hapiki uji. Anapika muthokoi, yale mahindi yaliyotwangwa yakatoka maganda, pamoja na maharagwe, kwenye sufuria ambayo mtoto anaweza kuogelea ndani. Muthokoi ya watu wengi huinjikwa alfajiri, na hata saa nane mchana bado inabishana na moto.

Jumanne niliyaona kwa macho yangu. Ukungu wa Agosti ulikuwa mzito, na wanawake walitokea ndani yake wakiimba, mashoka mabegani. Mwenyekiti wao, mama mnene mwenye sauti ya kuongoza kwaya, aliomba sala ndefu, akamkumbuka Ibrahimu, kisha akapiga gogo shoka la kwanza. Shoka liliruka likarudi. Mwaloni ule ulikuwa mgumu kuliko mti wowote waliowahi kuugusa. Baba mdogo alikuwa ameleta msumeno wa watu wawili, na kazi yake kubwa ilikuwa kuukwamisha na kisha kuunasua. Walipiga kabari, wakaimba, wakapiga tena. Kufikia mchana walikuwa wamepata rundo zuri la kuni, nami nikaanza kuliona lile lundo la ukutani katika mawazo yangu.

Kisha mama akaja na kikapu, akachukua kuni za muthokoi. Kwa kuwa ndani zilikuwa bado mbichi, zilitoa moshi kwanza na moto baadaye, kwa hiyo zilihitajika nyingine za kusaidia zile. Akaja tena akachukua za chai. Akina mama waliokuwa na baridi wakawasha moto wa kuotea mikono karibu na gogo lenyewe. Na kwa kuwa habari za mti wa Ibrahimu zilikuwa zimefika sokoni Kikima, watu walikuwa wakipanda mlima kuja kuutazama, nao walikuwa wageni, na mgeni hawezi kutazama mti na njaa. Jioni watu waliondoka wameshiba, wakiimba. Ukutani alibaki kuku.

"Mwaitu," nilimwambia mama, "hawa watu wanapasua kuni za kupikia watu wanaopasua kuni."

"Sasa unataka waende na njaa?"

"Nataka wasije!"

Aliniangalia kana kwamba nimetukana kanisani. Nilikuwa na diploma ya ualimu na nilijiona nina akili, basi nikamwendea mwenyekiti mwenyewe. Nikamshukuru sana, nikamwambia kazi waliyofanya inatosha, iliyobaki tutaimaliza polepole.

"Ala! Mwethya haiachi kazi nusu," alisema. "Watu watasema tulishindwa na mti. Hapana, mama yako, Mama Mwalimu, ni mtu wetu. Tutakuja Alhamisi. Na tutakuja Jumanne."

Nilimwomba basi wale mkate, niununue mimi Kikima. Alicheka mpaka akashika kiuno. Mkate, aliniambia, ni chakula ya mgonjwa.

Alhamisi hiyo nilifanya jambo ambalo bado linanichekesha na kunitia uchungu. Niliazima jiko la mafuta la mwalimu mmoja wa shule ya karibu, nikamshawishi mama ainjike muthokoi juu yake ili kuni zibaki salama. Kale kajiko kalikuwa kadogo chini ya sufuria ile hata hakakuonekana. Kutwa nzima kaliunguruma, kakanuka, kakazima, tukakawasha tena. Saa tisa mama alipakua huku amefumba midomo. Wanawake walikaa chini wakaanza kutafuna, na kwa mara ya kwanza sikusikia mtu akizungumza. Nilisikia meno. Baba mdogo alitoa punje moja mdomoni, akaitazama, akairudisha. Hakuna aliyelalamika, kwa maana hao ni watu wenye adabu, lakini katika sala ya kufunga mwenyekiti alimshukuru Mungu kwa meno aliyotupa na akamwomba azidi kuyalinda. Mama hakunisemesha mpaka kesho yake. Jumanne tulirudi kwenye kuni.

Hivyo ndivyo gogo lilivyokwenda. Kila walipokuja lilipungua, na kila walipoondoka hakukubaki kitu. Mimi nilikuwa nalala na hasira na kuamka nayo. Kilichoniuma zaidi si zile kuni. Ni kwamba siku ambazo mwethya haikuja, mama alikuwa akitoka mapema kwenda ng'ambo ya mlima kuokota kuni za kuanzishia moto wa siku ambayo watakuja. Alirudi ameinama, akitembea kwa kushika ua. Mti ulioletwa kumpumzisha ulikuwa umemwongezea safari.

Siku ya mwisho kilibaki kipande cha chini, chenye mafundo na mizizi, ambacho hakuna shoka lililoweza kukiingia. Baba mdogo alitoa shauri kwamba kisipasuliwe, kisukumwe kizima chini ya sufuria. Kikasukumwa huko na watu wote, kwa nyimbo, na muthokoi ya siku hiyo ilikuwa laini kuliko zote. Baada ya kula, mwenyekiti alisimama akatangaza kazi imeisha. Watu wakapiga makofi. Kisha akatazama huku na huku, akifuta mikono.

"Haya, Mama Mwalimu. Sasa hizo kuni tukupangie wapi?"

Hapo nilishindwa kujizuia. Niliwaambia yote mbele ya wageni na mbele ya Mungu. Kwamba kuni ziko tumboni mwao. Kwamba mama yangu ana mgongo mbovu na daktari alimkataza mizigo. Kwamba kesho atakwenda ng'ambo ya mlima kama alivyokwenda jana, na mti wa Ibrahimu hautakuwa umemsaidia hata siku moja. Mama alinishika mkono akanivuta jikoni, huku akiwaambia kwa sauti kwamba mimi nimechoka na safari. Nilikuwa nimekaa nyumbani karibu likizo nzima. Watu wakaondoka bila kuimba.

Mama alilia kwa aibu, nami nikalia kwa hasira, tukiwa tumekaa kando ya kile kipande kilichokuwa bado kinawaka.

Jumamosi mchana niliwaona wakiteremka mlima mmoja nyuma ya mwingine, kila mmoja na mzigo wa kuni mgongoni, mwenyekiti mbele. Mama naye aliwaona. Akaruka kuelekea jikoni kuinjika sufuria.

"Usiwashe moto!" mwenyekiti alipaza sauti tangu mbali. "Mwalimu! Shika mama yako!"

Nikamshika. Nilimkumbatia kwa nyuma, na pamoja na mgongo ule alikuwa na nguvu za ajabu. Wanawake waliingia uani, wakatupa mizigo ukutani kwa haraka kama watu wanaokimbia nyuki, kisha wakageuka wakatoka mbio. Akina mama wazima, wengine wenye wajukuu, walikimbia kupanda mlima ili wasipewe chakula, wakiwa wameshika leso zao. Mmoja aliacha ndala yake langoni na hakuirudia. Mama alinikwepa, akachukua birika tupu, akawafukuza hadi barabarani akipiga kelele kwamba wamemdharau, kwamba tangu lini mtu akaingia kwake akatoka mkavu. Hawakugeuka. Nyuma yangu kuni zilikuwa zimefika paani.

Jumapili mama hakwenda nao kanisani. Alikwenda peke yake, akakaa nyuma, akarudi.

Jumatatu niliamka jua likiwa limeshatoka, na nyumba ilikuwa kimya. Hakukuwa na moto. Hakukuwa na mlio wa kinu wala wa ndoo. Niliingia chumbani kwa mama nikamkuta kitandani, amelala ubavu, macho ameyafumba, mdomo wazi kidogo. Katika maisha yangu yote sikuwahi kumwona mama amelala jua likiwaka. Maneno ya daktari yalinijia yote kwa pamoja. Nikatoka nje nikapiga nduru.

Walikuja kutoka kila upande, wengine na majembe, wengine na unga mikononi. Mwenyekiti aliingia wa kwanza, akapiga magoti kando ya kitanda, akaanza kulia. Mama akafungua macho.

"Kuna nini?" akauliza. "Nani amekufa?"

"Wewe," nilimwambia, nikakaa sakafuni.

Alinitukana vizuri. Kisha akaona nyumba imejaa watu, akatupa blanketi ili ainuke kuwapikia. Mwenyekiti akamrudisha. Wanawake wawili wakakaa kitandani, mmoja kila upande, juu ya blanketi, mama akabanwa katikati akabaki kichwa tu. Wengine wakaenda jikoni. Tukasikia kuni zikivutwa ukutani.

"Punguzeni!" mama alipaza sauti kutoka kitandani. "Chai haitaki kuni yote hiyo! Mnanimalizia!"

Hakuna aliyemsikiliza. Aliletewa kikombe, na wale wawili wakamwachia mkono mmoja wa kukishika. Alikunywa, akasema chai inanuka moshi, akaomba nyingine.