Punje Zangu za Mahindi

Mama yangu alikuwa na mbuzi, na mpaka anakufa sikuwahi kumsikia akisema ni wangapi. Jioni walipoingia zizini alisimama mlangoni akiwataja kwa sura zao: yule wa madoa, yule wa pembe moja, yule aliyezaa mapacha. Mmoja akikosekana alijua papo hapo ni nani. Ukimwuliza idadi, alikutazama kama mtu aliyetukanwa. Na kwa watoto ndiyo usiseme. Huko kwetu Migwani, mgeni akimwuliza ana watoto wangapi alijibu, "Wako, wanatosha," kisha akageuza mazungumzo yakawa ya mvua. Kumnyooshea mtoto kidole na kusema moja, mbili, tatu, kwake ilikuwa kukiita kifo kije kichague. Mimi nilisoma hadi kidato cha nne nikajiona nimeyaacha hayo. Sikuwa nimeyaacha.

Mwanzoni mwa miaka ya tisini, vita vya Somalia vilipowatawanya watu, baadhi yao waliletwa kwenye uwanja mkavu nje ya Emali wakingoja kupelekwa kambi kubwa. Waliambiwa ni wiki mbili. Walikaa karibu mwaka. Mahema yalipigwa juu ya mawe, vyoo vilikuwa vichache, na tangi lilikuwa moja, lililojazwa siku ambayo lori la maji lilijisikia kuja. Vumbi liliingia kwenye uji, kwenye macho ya watoto na kwenye vidonda. Hata kwetu mwaka ule ulikuwa wa njaa, na watu wa Emali walinung'unika kwamba wageni wanapelekewa mahindi huku wenyeji wakiyakodolea macho. Nami nilinung'unika pamoja nao, mpaka shirika lililosimamia kambi liliponiajiri ukarani. Hapo nikanyamaza, maana mshahara huo ndio uliokuwa ukimlisha mama kule Migwani.

Afisa wetu alikuwa mwanamume mpole kutoka Nairobi, aliyependa karatasi zake ziwe safi. Kazi ya kwanza aliyonipa ilikuwa kupita kila hema na kuandika idadi ya watoto. Kila mtoto angepewa kadi yake. Asiye na kadi hakuwa na uji, wala unga, wala maziwa.

"Na uhesabu na macho yako," akaniambia. "Usiulize wamama. Wamama huongeza."

Nilifika hema la kwanza, watoto wakasimama mbele yangu wakinitazama, nikainua kidole, na kidole kikakataa. Nilirudi kwenye chumba nilichopanga nikachukua kiondo na kopo la mahindi. Nikampa kila mtoto punje moja, nikamwambia apite aitumbukize kiondoni. Wakiisha kupita wote, nilimwaga zile punje juu ya daftari na kuzihesabu. Kwa hiyo sikuwa nimehesabu mtoto wa mtu, nilikuwa nimehesabu mahindi. Nilijiona mjanja kweli. Kufikia saa nane nilikuwa nimemaliza kambi nzima.

Katika hema la mwisho, lililokuwa karibu na vyoo, alikaa mama mmoja kutoka Kismayu. Mumewe alipotelea njiani. Kiswahili chake kilikuwa kizuri kuliko changu. Nilipomsemesha kwa hiki chetu cha bara alinijibu polepole, kwa adabu, ili nisione haya. Alikuwa na watoto watano. Kiondo kilitoa punje nne, nami nikaandika wanne.

Siku ya kugawa kadi alizipanga juu ya goti lake, akazitazama, kisha akanitazama mimi.

"Mwanangu, na huyu kitinda mimba wangu?"

Alikuwa msichana wa miaka mitatu hivi, ameshikilia nguo ya mama yake. Nilichuchumaa nikamwuliza punje yake aliipeleka wapi. Akaachama, akanionyesha ulimi. Ndugu zake wakacheka. Alikuwa ameila, ngumu vile vile, bila hata kuchemshwa. Nilikuwa nimepita kambi ya wenye njaa nikigawa chakula, halafu nikatarajia kila mtoto akirudishe. Kosa kama hilo hulifanya mtu aliyekunywa chai asubuhi.

Nilikwenda kwa afisa.

"Nimekosea hema moja," nikasema. "Hao watoto ni watano."

"Si ulihesabu na macho yako?"

Ningesema kweli, kwamba nilizunguka na kiondo kwa kuogopa mwiko wa mama yangu, orodha nzima ingetupwa, na mimi ningetupwa pamoja nayo. Nikalifikiria debe la unga la mama, ambalo nilikuwa nimelikuta tupu mwezi uliopita.

"Ndiyo," nikasema. "Na macho."

"Basi ni wanne. Huyo wa tano ameazimwa kwa jirani. Wanafanya hivyo wengi, na hata siwalaumu. Orodha imeshaenda Nairobi. Tutahesabu tena baada ya miezi mitatu."

Kwa hiyo yule mama aligawa chakula cha wanne kwa watano. Nilimwona akipima uji kwa kifuniko cha chupa ya chai, mmoja baada ya mwingine, na mwishoni akiramba kifuniko, na mara nyingi hicho ndicho kilichokuwa chakula chake. Mchana nilimpelekea muthokoi, yale mahindi yetu yaliyokobolewa, kwenye kopo, nimelificha ndani ya leso. Si kila siku. Siku nyingine nilikuwa na njaa mimi mwenyewe, nikala. Yule mdogo aliponiona kwa mbali alikuja mbio, kisha baada ya wiki kadhaa akawa anakuja kwa kutembea, kisha akawa ananingoja mlangoni amekaa.

Mwezi wa pili tangu kadi zigawanywe, surua iliingia kambini. Katika hema la wagonjwa, maziwa yalitolewa kwa kadi. Yule mdogo aliugua, na kwa kuwa hakuwa na kadi, alipewa maji ya sukari na chumvi. Nilikwenda mlangoni kwa afisa mara mbili nikiwa nimekata shauri kusema kila kitu. Mara ya kwanza alikuwa na wageni. Mara ya pili hakuwa na mtu, akaniuliza nataka nini, nikamwomba kalamu. Naona haya kuandika hilo, na nimekaa nalo miaka mingi, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Alizikwa asubuhi, kwenye ukingo wa uwanja, mahali ambapo ardhi ilikuwa laini kidogo. Nililia mpaka wanawake wa kambi wakanishika mabega. Mama yake ndiye aliyenibembeleza.

"Nyamaza, mwanangu," akasema. "Wewe ulitusemea. Ni wao waliokataa."

Sikumwambia kitu. Nilikuwa na nafasi ya kumwambia siku ile, na siku nyingine nyingi zilizofuata, kabla malori hayajaja kuwachukua.

Miezi mitatu ilipotimia tulihesabu tena. Safari hii sikubeba kiondo. Nilimgusa kila mtoto kichwani nikataja namba kwa sauti, moja, mbili, tatu, kambi nzima, na kidole hakikukataa tena. Kwenye hema la mwisho nilifika nne, na mkono wangu ukabaki hewani kana kwamba bado kuna kichwa cha kugusa. Yule mama aliuchukua akaushusha taratibu.

Jioni afisa aliweka daftari la kwanza na la pili kando kwa kando, akateremka na kalamu mstari kwa mstari. Alipofika chini kabisa alisimama, akakumbuka, uso wake ukachangamka. Alikuwa mtu mwema, na alitaka kunipa moyo.

"Hema la mwisho. Hapa wanne, na hapa wanne," akasema. "Na vile ulikuwa umesumbuka! Unaona? Hukukosea."

Nikamwambia asante.